Gauni la mdoli kwa bei ya gauni lako

Katika duru za watu wazima wanaokusanya midoli, kuanzia Marekani hadi Japani, kuna lalamiko lisilochuja: mdoli ulio kabatini umevaa vizuri kuliko mwenye nyumba. Shati la mdoli wa resini wenye urefu wa sentimita 60, wa aina iliyopata umaarufu baada ya kampuni ya Volks ya Japani kutoa Super Dollfie mwaka 1999, linaweza kuuzwa dola 30. Seti nzima, koti na viatu vikiwemo, huvuka dola 100 bila shida. Mnunuzi huyohuyo akienda kujinunulia fulana, anatafuta ya dola 10. Wapo wanaosema huu ni wazimu, na wapo wanaosema hiyo ndiyo bei ya haki. Kila upande una la kusema, ila zote mbili zimeshika kipimo cha ukubwa wa nguo, na ukubwa ndio kitu kisicho na uzito sana katika bei.

Msomaji wa Afrika Mashariki analielewa hili haraka, kwa sababu huku tumezoea kununua kitambaa dukani na kulipa ufundi pembeni. Ukimpelekea fundi kitenge cha gauni la mtoto wa miaka mitatu, hatakutoza robo ya bei ya gauni la mama yake eti kwa kuwa kitambaa ni robo. Shingo bado ni moja, mikono bado ni miwili, zipu ni ileile. Sasa mpunguze huyo mtoto hadi sentimita 29, kimo cha Barbie.

Tuanze na kitambaa. Gauni la mtu mzima lenye mikono na sketi ya marinda hula kama mita 2.5 za kitambaa chenye upana wa sentimita 115, yaani sentimita za mraba 28,750. Barbie ni moja ya sita ya mtu, hivyo eneo hupungua mara 36, na hesabu inadai sentimita za mraba 800 tu. Ukweli ni kwamba utahitaji kipande cha sentimita 25 kwa 45, ambacho ni 1,125. Tofauti inatokana na nafasi ya mshono. Kwenye gauni lako fundi huacha sentimita 1.5 kila upande. Ukiigawa kwa sita unabaki na milimita 2.5, na kitambaa kilichoshonwa milimita 2.5 kutoka ukingoni kitafumuka siku ya kwanza kuvishwa. Kwa hiyo unaacha milimita 6, unashona, kisha unapunguza hadi 3 na kupaka dawa ya kuzuia nyuzi kufumuka. Hata hivyo, yadi moja ya kitenge bado hutoa vipande vinane vya namna hiyo. Kitambaa, basi, si tatizo la bei.

Tatizo ni unene. Kitambaa hakipungui unene kwa sababu mvaaji ni mdogo. Jinzi ya milimita 0.8 mwilini mwa Barbie ni sawa na wewe kuvaa kitu cha karibu milimita 5, na kiunoni, panapokutana tabaka nne, inakuwa kama amefungwa godoro. Ndiyo maana wanaojua hutumia pamba nyepesi ya mashati mazuri, voili au hariri, ambazo kwa mita ni ghali kuliko jinzi. Kitenge cha nta kina taabu nyingine: ni kigumu, sketi husimama kama hema badala ya kuanguka, na ua la sentimita 12 linamaliza kifua chote. Khanga nayo, yenye sentimita 150 kwa 110, ikipunguzwa kwa kipimo hichohicho inabaki 25 kwa 18. Ukitaka mji na pindo vionekane, lazima ichapwe upya kwa ukubwa huo. Kukata kona ya khanga halisi kunakupa rangi tu.

Kisha ufundi wenyewe. Mkono wa gauni la Barbie una mzingo wa sentimita 5 au 6, na hakuna cherehani inayoingia humo. Kwa hiyo utaratibu wa kawaida unageuzwa: kwanza unakunja na kushona upindo wa mkono kipande kikiwa bapa, unakiunganisha na bega kikiwa bado bapa, halafu unafunga mkono na ubavu kwa mshono mmoja mrefu kuanzia kiganjani hadi kiunoni. Kwapani unapachanja vipande vidogo hadi milimita moja kabla ya mshono. Usipochanja, mkono unajikunja. Ukipitiliza, mshono umekatika na kipande hicho huwezi kukiokoa. Sindano ni namba 8 au 9, si 14. Hatua ya mshono ni milimita 1.5. Ukianza ukingoni, cherehani humeza kitambaa kwenye tundu la sindano, hivyo unaweka karatasi nyepesi chini, unashona juu yake, kisha unaichana. Shingo haiwezi kukunjwa; inatiwa bitana nyepesi, inageuzwa, inapigwa pasi kabla ya kitu kingine chochote. Na uwazi wa nyuma lazima ushuke hadi chini ya nyonga, kwa sababu mdoli haukunji mwili kukusaidia kuuvisha. Vidole vyake hunasa kwenye bitana ya mkono, na hapo ndipo mishono mingi hukatika. Wenye uzoefu huvika kiganja kipande cha mfuko wa plastiki kwanza ili kiteleze.

Kazi hiyo kwa fundi mzoefu ni kama saa tatu na nusu. Tuseme yupo Marekani na anauza gauni kwa dola 35 kupitia Etsy, soko la mtandaoni. Mtandao unachukua asilimia 6.5 ya mauzo, senti 20 za kuorodhesha, na malipo yanakatwa asilimia 3 na senti 25. Jumla ni karibu dola 3.80. Toa dola 4 za kitambaa, vifungo na kifungashio. Zinabaki dola 27 na ushei, ambazo ukizigawa kwa saa tatu na nusu ni dola 7.80 hivi kwa saa. Kima cha chini cha serikali kuu ya Marekani, kisichobadilika tangu 2009, ni dola 7.25. Huyu anayelaumiwa kwa bei za kuruka, kumbe analipwa senti chache juu ya sakafu, na hapo hatujahesabu saa za kuchora kiolezo, kupiga picha na kujibu wateja.

Basi swali linageuka: mbona gauni lako wewe ni rahisi hivyo? Sehemu ya jibu ni halali kabisa. Kiwanda hukata tabaka mamia kwa mara moja, kila mshonaji anarudia mshono mmoja siku nzima, na fulana ya kawaida hukamilika kwa dakika chache za kushona. Sehemu nyingine si ya kujivunia. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, Savar, nje ya Dhaka, liliporomoka na kuua zaidi ya watu 1,100, wengi wao wakishona nguo za kuuzwa Ulaya na Amerika Kaskazini. Kwetu kuna punguzo juu ya punguzo: mitumba, ambapo blauzi ya hariri inaweza kuangukia bei ndogo kuliko vifungo vyake. Bei tuliyoizoea ya kuvaa imeshushwa na mtu fulani kulipwa kidogo na mtu mwingine kutupa mapema. Naona hoja ya watetezi wa midoli ina nguvu hapa kuliko popote: gauni la mdoli lililoshonwa na mtu mmoja ni mojawapo ya mavazi machache ambayo bei yake bado inakwambia kushona ni kazi ya saa ngapi.

Lakini hoja hiyo isivutwe hadi mahali isipofika. Mavazi ya midoli nayo yamewahi kuwa rahisi kwa njia ileile. Barbie alipozinduliwa New York, tarehe 9 Machi 1959, aliuzwa dola 3 na mavazi yake kati ya dola 1 na 5. Vazi la bei ya juu, basi, lilimshinda mvaaji, na biashara ilipangwa hivyo: mdoli unanunuliwa mara moja, nguo hazina mwisho. Mavazi yale yalikuwa na bitana, zipu ndogo zinazofanya kazi na vifungo vya kweli. Mbunifu wake, Charlotte Johnson, alipelekwa Japani kusimamia kazi, na wanawake waliyashona majumbani mwao kwa ujira wa Japani ya wakati huo. Marekani kima cha chini kilikuwa dola 1 kwa saa. Ubora ule kwa bei ile uliwezekana kwa sababu ya tofauti hiyo ya ujira, na hali ilipobadilika Japani, kazi ilihamia kwingine.

Na leo, si kila vazi la mdoli la dola 35 limetoka mezani kwa fundi. Mavazi ya American Girl, midoli ya sentimita 46 iliyoanzishwa na Pleasant Rowland mwaka 1986 na kununuliwa na Mattel, kampuni ya Barbie, mwaka 1998, huuzwa kwa bei za kiwango hicho ilhali yanatoka viwandani. Hapo anayelipwa ni jina la kampuni na duka, na mzazi anayeuliza kwa nini gauni la mdoli linakaribia bei ya sare ya shule ya mtoto ana haki ya kuuliza. Kutofautisha si kazi ngumu, ligeuze vazi ndani nje. La kiwandani litakuwa na kingo zilizopigwa ovaloki nene, halina bitana, na mgongoni lina velkro ngumu inayong'oa nywele za mdoli na kuvuta nyuzi za nguo nyingine. La fundi litakuwa na bitana, kingo zilizopunguzwa, na vifungo vya kubonyeza vya milimita 5 au chini ya hapo vilivyoshonwa kwa mkono. Ukilipia la pili kwa bei ya la kwanza umepata. Ukilipia la kwanza kwa bei ya la pili, usitumie hoja ya ufundi kujitetea.

Upande wa wanaopinga una hoja nyingine nzito zaidi, nayo haihusu bei ya vazi moja. Nguo yako huchakaa, mwili wako hubadilika, kabati hujisafisha lenyewe. Mdoli haunenepi, hautoi jasho, haukai juu ya kiti cha daladala. Vazi lake linaweza kudumu miaka 50, na mtetezi atakwambia kwamba dola 35 kwa miaka 50 ni bure. Sawa, ila kudumu huko ndiko kunakoondoa breki. Hakuna siku ambapo mdoli hauna cha kuvaa, kwa hiyo hakuna siku ambapo kununua kuna sababu, wala siku ambapo kuacha kuna sababu. Koti la baridi la anayeishi Toronto au Oslo lina kikomo chake: akishalipata, amelipata.

Wengine hujibu kwamba ni akiba, vitauzwa tena. Kwa machache ni kweli. Seti ya mavazi ya Barbie iitwayo Roman Holiday, ya 1959, hutafutwa mno na wakusanyaji, lakini iwe kamili, na kitu kinachokosekana mara nyingi ni kikopo kidogo cha poda kinachotoshana na punje. Bila hicho bei huanguka vibaya. Mavazi mengi hayafiki huko. Lastiki hufa ndani ya miaka michache, vifungo vya chuma hushika kutu na kuacha doa, na kwa anayeishi Mombasa, Unguja au Muscat unyevu wa bahari huharakisha yote mawili. Yawekwe kwenye karatasi isiyo na asidi, gizani, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, na yasifungiwe kwenye plastiki.

Na kuna gharama ambayo hesabu za pande zote mbili huisahau, nayo ni nguo kuharibu mvaaji. Rangi nyeusi, nyekundu na bluu ya jinzi huhamia kwenye vinili na resini, wakati mwingine kwa wiki chache tu, na vazi la dola 8 huacha alama kwenye mdoli wa dola 600. Kuloweka kitambaa cha pamba kwenye siki hakuzuii rangi, ingawa ushauri huo unarudiwa kila mahali. Kinachosaidia ni kukifua kwa maji moto hadi maji yatoke meupe, kukikandamiza kikiwa kibichi juu ya kitambaa cheupe usiku kucha, na kutia bitana nyeupe. Doa la vinili huweza kutolewa kwa krimu ya chunusi yenye benzoili peroksaidi asilimia 10, ikifunikwa kwa nailoni na kuanikwa juani kwa siku kadhaa, lakini hiyohiyo hufubaza rangi ya ngozi na kufuta midomo iliyochorwa ikiigusa.

Kwa anayetaka kuvisha bila kufilisika, Afrika Mashariki ina ghala ambalo mkusanyaji wa Ulaya angelionea wivu. Kwenye masoko ya mitumba ya Karume jijini Dar es Salaam na Gikomba jijini Nairobi, tafuta shati la kiume la pamba nyembamba, kwa sababu mgongo wake unatoa mavazi matano au sita, na upindo wa chini ulioshonwa tayari unakuwa upindo wa sketi. Tai za hariri zifumue, lakini uzifue kwanza. Soksi nyembamba ya mtoto ni sweta, ukingo wake wa juu ukiwa shingo. Vitambaa vya mkononi vyenye ua dogo ni bora kuliko kitenge chochote kwa kipimo hiki.

Fundi anayefikiria kuuza nje ana nafasi pia. Vazi na kifungashio chake havifiki gramu 50, kwa hiyo si uzito unaomkwamisha. Aandike wazi kwamba ni kwa wakusanyaji wenye umri wa miaka 14 na kuendelea, maana vifungo vidogo vikionekana ni vya mtoto, sheria za usalama wa vitu vya kuchezea za Marekani na Umoja wa Ulaya huweza kumdai vipimo vya maabara. Kabla ya kutaja bei, ashone vazi lilelile mara tatu akiangalia saa, achukue muda wa mara ya tatu, auzidishe kwa anachopata kwa saa akiwashonea watu, kisha aongeze makato ya mtandao. Akikuta namba hiyo inazidi anachotoza gauni la harusi ya mtaani, asiishushe.