Ubao wa Dhahabu Hauna Jina la Mkata Nyasi

Klabu kongwe za Nairobi husimulia historia yao kwa mbao. Ukishavuka lango, ukaandika jina kitabuni na kupita mapokezi, utazikuta ukutani: mbao nyeusi zilizong'arishwa, maandishi ya rangi ya dhahabu, mwaka na jina, mwaka na jina. Wenyeviti. Makapteni. Washindi wa kombe la wawili wawili. Juu kabisa ni Waingereza na Waskoti watupu. Ukishuka, majina ya Kihindi yanaanza kupenya. Chini kabisa ndiko wanakotokea kina Kamau na kina Otieno. Mwenye macho mazuri anaweza kuisoma siasa ya nchi nzima hapo akisubiri chai yake.

Mbao hizo nazipenda. Ila naona zinadanganya kwa kunyamaza, na kwa mchezo wa matufe zinadanganya kuliko kwa mchezo mwingine wowote.

Nikisema matufe nina maana ya ule mchezo wa kwenye nyasi ambao wenyewe huuita bowls, si ule wa ndani ya jumba wa kuangusha pini. Kimpira kidogo cheupe hutangulizwa mbele, angalau mita 23 kutoka kwenye mkeka anaposimama mchezaji, kisha kila mmoja anaviringisha matufe yake akitafuta kukikaribia. Aliye karibu zaidi ndiye mwenye pointi. Mtoto yeyote aliyecheza bano, yaani gololi, kwenye vumbi la Makadara ameshaelewa. Ugumu uko kwenye tufe lenyewe: halikuchongwa likawa duara kamili, upande mmoja umepunjwa kidogo, kwa hiyo linapoanza kuchoka linapinda. Ukililenga moja kwa moja umekosa. Unalielekeza pembeni, mahali pasipo na kitu, halafu unangoja likate kona lenyewe.

Watu husema huu ni mchezo wa mabwana. Historia ya kwao haisemi hivyo. Uwanja wa Southampton, Uingereza, unahesabiwa tangu mwaka 1299, na kwa karne nyingi matufe yalichezwa na mafundi na vibarua, mengi yakiviringika nyuma ya vilabu vya pombe. Wakubwa hawakupenda. Mwaka 1541, chini ya Mfalme Henry VIII, ikapitishwa sheria: fundi, mkulima, kibarua, mtumishi na mwanagenzi wasicheze matufe isipokuwa wakati wa Krismasi, na hata hiyo Krismasi wacheze nyumbani kwa bwana wao, au bwana mwenyewe akiwepo. Mwenye mashamba ya kumwingizia pauni 100 kwa mwaka aliweza kupewa kibali cha kucheza kwenye uwanja wake. Kisingizio kilikuwa kwamba wananchi wanapoteza muda badala ya kufanya mazoezi ya upinde na mshale. Sheria hiyo ilikuja kufutwa mwaka 1845. Zaidi ya miaka 300 maskini wa Uingereza walikuwa wakivunja sheria ili kucheza mchezo ambao leo sisi tunauita wa kitajiri.

Kilichofuata ni kazi ya Waskoti. Mashine ya kukata nyasi ilikuwa imebuniwa na Mwingereza, Edwin Budding, mwaka 1830, nyasi zikaanza kukatwa fupi na sawasawa bila fyekeo. Mwaka 1849 mwanasheria wa Glasgow, William Mitchell, akaandika kanuni zilizokuja kuwa msingi wa mchezo wa sasa. Matufe yakaingia kwenye bustani za umma za miji ya viwanda, na mfanyakazi akitoka zamu angeweza kupitia hapo kabla ya kurudi nyumbani.

Huku kwetu ile bustani ya umma haikushuka melini. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na kufikia 1901 maofisa wa serikali walikwisha kuwa na Nairobi Club yao kule kilimani. Wagoa, wenye asili ya Goa huko India, wakafungua Goan Institute mwaka 1905. Parklands ikafuata 1906. Walowezi, ambao hawakupenda kunywa meza moja na maofisa, wakafungua Muthaiga mkesha wa mwaka mpya, tarehe 31 Desemba 1913. Kila rangi na lango lake, na ndani ya rangi kila tabaka na kiti chake. Wagoa wenyewe waligawanyika hadi mafundi cherehani wakawa na chama chao. Mwafrika alipita malango hayo akiwa amebeba trei, au akisukuma mashine ya nyasi. Uwanja wake wa mpira uliitwa waziwazi African Stadium, huu tunaoujua leo kama City Stadium. Mpaka mwaka 1946, ilipoanzishwa United Kenya Club, hakukuwa na klabu hapa mjini ambapo Mwafrika, Mhindi na Mzungu wangekaa meza moja kama wanachama. Hesabu mwenyewe kutoka 1901.

Kwa hiyo mchezo wa kibarua wa Glasgow ulifika Nairobi kupitia lango lisilomruhusu kibarua. Hapo ndipo ulipopata sura ya utajiri. Nyasi hazina kosa.

Linganisha na mpira wa miguu. Gor Mahia ilianzishwa 1968, na nenda leo kwa kondakta yeyote wa matatu ya Kayole aliye shabiki, umuulize kuhusu 1987. Atakueleza fainali ya Kombe la Washindi dhidi ya Espérance ya Tunis, sare ya 2-2 huko kwao, sare ya 1-1 Kasarani, kombe likaja kwa mabao ya ugenini. Hata kama alizaliwa 1999. Haihitaji ubao wa dhahabu, iko mdomoni mwa watu. Historia ya matufe haiko mdomoni mwa mtu, na wanachama wanaoikumbuka wanazidi kuwa wachache kila mwaka.

Walioishika zaidi, nadhani, ni watunza uwanja, ambao hakuna ubao unaowataja. Hili nalisema kwa sababu ya namna mchezo wenyewe unavyofanya kazi. Kwenye soka uwanja ukiwa mbaya utalalamika, lakini utacheza. Kwenye matufe uwanja ndio mchezo. Nyasi zinakatwa zikabaki na urefu wa milimita chache tu, mara kadhaa kwa wiki. Zinashindiliwa kwa rola, zinamwagiwa mchanga mwembamba kujaza vishimo, na mwelekeo wa kuchezea unabadilishwa, leo kaskazini na kusini, kesho mashariki na magharibi, ili nyasi zisichakae mahali pamoja. Ile nyasi yetu ya kikuyu, iliyopelekwa hadi Australia na California ikawa balaa na neema kwa pamoja, haifai hapa. Jani lake ni nene na inatambaa kama iliyotumwa. Panatakiwa nyasi ya jani jembamba, na nyasi ya namna hiyo inadeka. Wiki tatu za kiangazi cha Februari, maji ya kaunti yakiwa ya mgao, zinatosha kuonyesha nani anaijua kazi.

Halafu kuna suala la kasi. Wachezaji hupima uwanja kwa sekunde: tufe likiachiwa, linachukua muda gani kufika na kusimama umbali wa mita 27 hivi. Jambo linalowachanganya wageni ni kwamba sekunde zikiwa nyingi, uwanja ndio wenye kasi zaidi, kwa kuwa kwenye nyasi laini unaliachia tufe kwa upole na linateleza taratibu hadi mwisho, na kwenye nyasi nzito inakubidi ulisukume kwa nguvu, nalo linafika upesi na kukwama. Kwenye viwanja vizito vya Uingereza ni sekunde 10 hadi 12. New Zealand zinaweza kupita 17. Kasi ikiongezeka, tufe linapinda zaidi, na kila ulichozoea kinabidi kupimwa upya. Nani anaamua hizo sekunde? Yule mzee mwenye ovaroli aliyefika saa kumi na mbili asubuhi. Kombe linapewa kapteni, jina linaandikwa kwa dhahabu, na yeye amekwisha kupanda matatu ya Kangemi.

Najua jibu la upande wa pili, kwa sababu vijana wenzangu hunipa kila nikiligusa jambo hili. Kwamba tunalilia nini mchezo wa wakoloni wazee? Kwamba ardhi ya Upper Hill na kando yake inauzwa mamia ya milioni kwa ekari, na hapo pangejengwa nyumba. Ningewasikiliza kama ningeamini kuwa patajengwa nyumba. Patajengwa maegesho ya magari na ghorofa la ofisi lenye bango la "inapangishwa" miaka mitano. Uwanja mzima wa matufe, hata ule mkubwa wa mita 40 kwa 40, haufiki nusu ekari. Ukitafuta ardhi iliyokaliwa na wachache jijini, anza na viwanja vya gofu, tutakutana huko.

Kuna hesabu nyingine ya kimichezo ambayo Wakenya hatujaipiga. Matufe yamekuwemo kwenye kila Michezo ya Jumuiya ya Madola tangu ile ya kwanza ya Hamilton mwaka 1930, isipokuwa Kingston 1966 tu. Ratiba ya Glasgow 2026 ilipopunguzwa hadi michezo 10, raga ya wachezaji saba, ile inayotutoa machozi na Shujaa, timu yetu ya taifa, iliachwa nje. Hoki pia. Matufe yakabaki, pamoja na yale ya wachezaji wenye ulemavu. Na ni mchezo ambao mama wa miaka 60 anaweza kumshinda kijana wa 20 bila mtu yeyote kumhurumia mwenzake. Kwa nchi inayojitangaza kila mahali kwa miguu ya wakimbiaji vijana wa Iten, hapa pana medali ambazo hazihitaji mapafu.

Ninachotaka si kikubwa. Klabu inapoandika kitabu chake cha maadhimisho, na zote huandika, sura ya kwanza ya matufe isimuliwe na watunza uwanja wastaafu wakiwa bado hai, kwa majina yao kamili, na majina hayo yaende ukutani. Watoto wa wafanyakazi waruhusiwe kucheza siku ambazo uwanja uko mtupu, ambazo ni nyingi. Kaunti nayo itenge kipande cha City Park iweke uwanja mmoja wa umma. Mechi za Michezo ya 2014 huko Glasgow zilichezewa Kelvingrove, ndani ya bustani ya umma.

Wataniambia wageni wataharibu nyasi kwa viatu. Sharti la mchezo ni soli bapa, basi. Soli bapa sokoni Gikomba zimejaa, na Jumamosi bei inashuka.