Tusome Hitilafu za Vifurushi Kabla ya Kufuta Chochote

Katika makundi ya WhatsApp ya watengenezaji wa programu za wavuti hapa Kisumu, kuna ombi la msaada ambalo halikauki. Mtu hutuma picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, ikionyesha mistari michache ya mwisho ya amri ya npm install iliyokwama (npm ni chombo kinachopakua vifurushi, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa na wengine), na kabla hajaulizwa anatumia toleo gani la Node.js, mfumo unaoendesha JavaScript nje ya kivinjari, ushauri huanza kumiminika: futa folda ya node_modules vinakokaa vifurushi, futa package-lock.json, sakinisha upya, na ikigoma tena, ongeza --force. Wanaoshauri hivyo wana nia njema, na mara kadhaa ushauri wenyewe hufaulu. Hata hivyo, nina hakika kwamba desturi hii inawanyima vijana wetu ustadi wanaouhitaji zaidi katika kazi hii, na kwamba inaiweka katika hatari isiyo ya lazima mifumo ya wateja wetu, kuanzia shule hadi vyama vya akiba na mikopo vinavyopokea malipo kwa M-Pesa.

Hoja yangu inaanzia kwenye faili inayofutwa. Katika package.json, mtengenezaji hutaja vifurushi anavyovihitaji na upana wa matoleo anayoyakubali. Alama ya ^ mbele ya 4.17.1 humaanisha kwamba toleo lolote kuanzia hilo hadi kabla ya 5.0.0 linakubalika, alama ya ~ hubana zaidi na kuishia kabla ya 4.18.0, na pale nambari ya kwanza inapokuwa sifuri, ^0.2.3 huishia kabla ya 0.3.0, jambo ambalo hata wazoefu hulisahau. Kila kifurushi kinachotajwa huja na vitegemezi vyake, yaani vifurushi vingine kinavyovihitaji, navyo huja na vyao, hivi kwamba mradi uliotaja vifurushi ishirini huweza kujikuta na mamia ndani ya node_modules. Faili ya package-lock.json, iliyoletwa na npm 5 mwaka wa 2017, ndiyo inayoandika ni toleo gani hasa la kila kimoja lililosakinishwa, lilitoka wapi, na alama yake ya uhakiki ni ipi. Ukiifuta pamoja na node_modules, unaiagiza npm ipange mti mzima upya kwa matoleo yanayopatikana siku hiyo. Hitilafu ikitoweka, hutajua ilikuwa nini, kwa sababu umebadilisha vitu vingi kwa mpigo mmoja. Ikibaki, na faili hiyo haikuwa imehifadhiwa kwenye Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo, umepoteza rekodi ya pekee ya hali ambayo mradi ulikuwa ukifanya kazi.

Fundi wa pikipiki pale Kondele husikiliza injini kabla ya kuifungua, na ujumbe wa hitilafu nao unastahili kusikilizwa vivyo hivyo. Chukua ule unaobeba neno ERESOLVE, ambao huwatisha wanafunzi kwa urefu wake ilhali una mpangilio wa wazi kabisa. Baada ya neno Found, npm hutaja toleo ambalo mradi tayari unalo, tuseme react@19.0.0 (React ni maktaba ya kujengea kurasa). Chini yake hutaja kifurushi kinacholalamika na toleo kinalolidai, tuseme kifurushi cha kalenda kinachotaka React iwe ^18.0.0. Katika mistari hiyo miwili habari yote imekamilika: mwandishi wa kalenda ametangaza kwamba kazi yake inahitaji React 18, nawe umeweka React 19. Kabla ya npm 7, iliyotoka pamoja na Node.js 15 mwezi Oktoba 2020, mgongano wa aina hii ulizua onyo tu na usakinishaji ukaendelea. Tangu wakati huo npm husakinisha vitegemezi vya namna hii (peerDependencies, vile ambavyo kifurushi hudai mradi wenyewe uwe navyo) yenyewe, na ikishindwa kuvipatanisha husimama. Ndiyo sababu mradi wa zamani uliorithiwa kutoka kwa mtu mwingine unaweza kukataa kusakinishwa kwenye kompyuta mpya ingawa hakuna aliyeugusa msimbo wake.

Kutoka hapo njia za haki zipo kadhaa. Amri ya npm view, ikifuatwa na jina la kifurushi na neno versions, huorodhesha matoleo yote yaliyochapishwa, na ukiongeza @ na nambari ya toleo baada ya jina hilo, kisha ukatumia peerDependencies badala ya versions, utaona toleo hilo linadai nini. Amri hizi hutumia data kidogo mno. Mara nyingi utakuta kwamba toleo jipya la kalenda tayari linaikubali React 19. Usipolipata, unaweza kurudisha React kwenye 18, au kutafuta kifurushi kingine, au, ukiwa umesoma msimbo na kuridhika kwamba dai hilo limepitwa na wakati, ukatumia sehemu ya overrides katika package.json, ambayo ilianza na npm 8.3, ukatangaza waziwazi kwamba umebatilisha dai la kifurushi hicho kimoja. Mwenzako atakayeufungua mradi mwaka ujao ataiona kauli hiyo na kujua nani aliamua nini.

Bendera ya --force, yaani neno linaloongezwa kwenye amri ili kulazimisha, haiachi alama yoyote ya namna hiyo, na --legacy-peer-deps hurudisha mambo yalivyokuwa kabla ya npm 7, yaani madai hayo hupuuzwa yote kwa pamoja. Ujumbe wenyewe wa npm huonya, katika sentensi ileile inayotaja bendera hizi, kwamba matokeo yanaweza kuwa na makosa na hata kuharibika. Kuna nyakati za kuzitumia, kwa mfano unapotaka tu kuutazama mradi wa zamani ukifunguka kwenye kompyuta yako. Lakini mgongano unaonyamazishwa wakati wa kusakinisha huenda ukajitokeza wakati programu inatumika, mahali ambapo ni vigumu zaidi kuukamata. Mfano unaojulikana sana ni nakala mbili za React kukaa ndani ya mradi mmoja: usakinishaji unapita, ujenzi unapita, kisha ukurasa unavunjika kwa ujumbe wa Invalid hook call, na mtu anatumia siku nzima kuichunguza komponenti isiyo na kosa lolote. Amri ya npm ls react ingemwonyesha nakala hizo mbili mara moja, na npm explain react ingemwambia kila moja imeletwa na nani.

Jambo jingine linalopotea tunapokimbilia kufuta ni kutambua kwamba hitilafu nyingi tunazoziita za vifurushi zina chanzo kingine. Mradi unaotumia node-sass, kifurushi cha kugeuza mitindo ya Sass kuwa CSS, ukishindwa kusakinishwa, skrini hujaa mistari ya gyp ERR!, na picha ya mistari ya mwisho haisaidii kitu, kwa kuwa sababu imeandikwa juu: ama Python haikupatikana, ama hakuna kikusanyaji cha C++, ama toleo hilo la node-sass halikuundwa kwa ajili ya Node.js uliyo nayo. LibSass, ambayo node-sass huitegemea, ilitangazwa kuachwa mwezi Oktoba 2020, na tiba ya kudumu ni kuhamia kifurushi cha sass. Vilevile hitilafu ya ERR_OSSL_EVP_UNSUPPORTED haina uhusiano wowote na node_modules kuchafuka: Node.js 17 ilihamia OpenSSL 3, maktaba ya usimbaji fiche, mwezi Oktoba 2021, na webpack 4, chombo cha kuunganisha faili za mradi, huomba algorithimu ya MD4 ambayo OpenSSL 3 haiitoi kwa kawaida. Utafuta na kusakinisha hadi usiku wa manane bila kubadilisha chochote, ilhali kuhamia toleo la karibuni la webpack 5 kunamaliza tatizo.

Iko pia hitilafu ya moduli kutopatikana, ambayo katika eneo letu naiona sana miongoni mwa wanaoandika kwenye Windows na kupeleka kazi kwenye seva ya Linux. Windows kwa kawaida haitofautishi Navbar.js na navbar.js, lakini Linux hutofautisha, na mradi uliokuwa mzima kwenye kompyuta ya chuo unakataa kujengwa kwenye seva. Au seva imewekewa NODE_ENV=production, npm ikaviacha vifurushi vilivyo chini ya devDependencies (vya wakati wa utengenezaji tu), kisha amri ya ujenzi ikalalamika kwamba vite, chombo cha ujenzi, haipo. Hizi ni hitilafu za dakika tano kwa anayesoma.

ECONNRESET na ETIMEDOUT ni habari za mtandao tu, na dawa yake ni kujaribu tena mtandao ukitulia.

Nataja mtandao kwa sababu nyingine. Vijana wengi ninaowafahamu, Manyatta na Nyalenda na hata Maseno, hufanya kazi kwa hotspoti ya simu, na bando wanalinunua kwa fedha ya mfukoni. Kushauri mtu afute node_modules na kisha aendeshe npm cache clean --force ni kumwagiza anunue tena kila kilichokuwa tayari kwenye diski yake. Tangu npm 5, hifadhi hiyo ya ndani hujihakiki yenyewe na kukataa data iliyoharibika, na maelezo rasmi ya npm yanasema kuisafisha hakuhitajiki ila kwa lengo la kupata nafasi kwenye diski. Ukilazimika kusakinisha upya, npm ci (amri inayosakinisha matoleo yaleyale ya package-lock.json) ikiwa na --prefer-offline itachukua kwanza kilichopo na kutafuta mtandaoni kile tu kinachokosekana. Ushauri wa bure usigeuke gharama kwa anayeupokea.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni usalama. Tarehe 8 Septemba 2025, mtunzaji wa vifurushi maarufu sana, vikiwemo chalk na debug, alinaswa kwa baruapepe ya ulaghai, na matoleo yenye msimbo wa kuiba sarafu za kidijitali yakachapishwa kwenye sajili ya npm, hifadhi ya umma ya vifurushi, kwa jina lake. Yaliondolewa baada ya saa chache. Fikiria miradi miwili iliyoruhusu debug ^4.0.0 saa hizo: uliokuwa na package-lock.json ukasakinishwa kwa npm ci ulipata toleo lilelile la awali, lenye alama ileile ya uhakiki. Ule ambao mtu alifuta faili hiyo ili kutatua hitilafu nyingine kabisa uliingia sajilini bila kinga na kuchukua toleo jipya zaidi lililokubalika, yaani 4.4.2 lenye sumu. Wateja wetu hawajui neno npm, na hawapaswi kulijua. Wametukabidhi majina, nambari za simu na malipo ya watu, na kufunga matoleo ni sehemu ya kutunza amana hiyo.

Wanaotumia PHP wanayo kinga hiyohiyo katika composer.lock, faili ya Composer, chombo chao cha kusakinisha vifurushi. Kuendesha composer update kwenye seva ya mteja ili kuondoa hitilafu, badala ya composer install inayoheshimu faili hiyo, ni kosa la aina ileile, na --ignore-platform-reqs ndiyo --force yao. Amri ya composer why-not, ikipewa jina la kifurushi na toleo unalolitaka, hukuonyesha ni nani anayelizuia.

Kwa hiyo ninapoombwa msaada sasa naomba mambo machache kabla ya kutoa ushauri: ujumbe wote kama maandishi, si picha, jibu la node -v na npm -v, na jibu la git diff, yaani tofauti zilizofanywa, juu ya package.json na package-lock.json tangu mradi ulipofanya kazi mara ya mwisho. Si nadra mwombaji kuiona sababu mwenyewe wakati anakusanya vitu hivyo. Na iwapo baada ya uchunguzi itabainika kwamba faili ya kufuli, package-lock.json, imeharibika kweli, labda kwa kuunganisha matawi mawili ya Git vibaya, basi ifutwe, kwa kuwa sasa tunajua tunafuta nini.

Nawaomba pia wahadhiri wa Maseno, Masinde Muliro na vyuo vingine vya magharibi ya Kenya wanaosimamia miradi ya mwaka wa mwisho walipe jambo hili uzito. Mwanafunzi anayeonyesha programu yake ikifunguka kwenye kompyuta yake mwenyewe hajathibitisha kwamba mwingine anaweza kuiendesha. Hazina yake ya Git ipakuliwe kwenye folda tupu, npm ci iendeshwe bila bendera yoyote, na mradi usioanza urudishwe kwa mwenyewe kabla ya siku ya kutetea kazi, ukiambatana na ujumbe kamili wa hitilafu ili aanze kuusoma. Kompyuta moja ya maabara yenye Linux, ikiwa na toleo la Node.js lililotangazwa mwanzoni mwa muhula, inatosha kwa darasa zima.