Mtoto ameingia darasa la 9, sio lazima ajiunge na kila klabu

Kuna hii presha inazunguka kwa wazazi wenye watoto Marekani, eti mtoto akianza tu darasa la 9, yani mwaka wa kwanza wa high school inayoishia darasa la 12, basi ajaze kila kitu, debeti, roboti, mpira, kwaya, kujitolea, ili vyuo vimwone. Mi sikubaliani nayo kabisa. Kuanza mapema sawa, tena nasisitiza, ila tunachotakiwa kukianza mapema sio hicho.

Angalieni fomu yenyewe ya kuomba chuo kwanza. Common App, ambayo vyuo zaidi ya 1,000 vinaipokea, ina nafasi 10 tu za shughuli, basi. Kila moja unapewa herufi 150 za kueleza ulifanya nini na zile nafasi kati ya maneno zinahesabiwa pia, yani ni fupi kuliko meseji ya kukopa hela. Halafu wanauliza ulifanya ukiwa darasa la ngapi, masaa mangapi kwa wiki, wiki ngapi kwa mwaka. Sasa huyu mtoto yuko darasa la 12, mwezi wa kumi, dedilaini ya kuomba mapema kwa vyuo vingi ni tarehe 1 Novemba, ana insha ya maneno 650 haijaisha, ndo akae akumbuke mambo ya miaka mitatu nyuma? Ataandika "nilisaidia watoto kusoma" apite. Mwenzake aliyekuwa anajinotia kwenye simu kila mwezi ataandika "nilifundisha watoto 6 kusoma kila Jumamosi, niliwatungia hadithi, wanne sasa wanasoma wenyewe". Kazi ni ileile jamani, tofauti ni kwamba mmoja aliweka kumbukumbu.

Na kitu ambacho wazazi wetu wengi hawakijui, kwenye orodha ya aina za shughuli kuna majukumu ya familia, na kuna kazi ya kulipwa. Binti anayemchukua mdogo wake shule kila siku, anampikia, anamsimamia homuweki mpaka mama atoke shifti, hiyo ni shughuli na masaa yake yanaandikwa. Wengi wanaiacha nje kwa sababu wanaona ni mambo ya nyumbani tu, wakati wanajaza klabu waliyohudhuria mara mbili wakala pizza.

Kwangu mimi kupanga mapema hasa ni masomo, na hapa ndo watu wanalala. Gredi za darasa la 9 zinakaa kwenye transkripti, ile rekodi ya gredi zake zote. Hesabu nayo inakwenda kwa mnyororo, ukianza darasa la 9 na aljebra ya kwanza, kwa mtiririko wa kawaida inafuata jometri, aljebra ya pili, halafu somo la kujiandaa na kalkulasi (calculus, hesabu ya juu) darasa la 12, kalkulasi yenyewe hujaigusa. Anayetaka uinjinia inabidi amuone mshauri wa shule mapema aulize anarukaje hatua moja, maana darasa la 11 kubadilisha ni shughuli pevu. Hilo halitibiwi na klabu hata ziwe kumi na tano.

Shughuli mbili tatu anazozipenda kweli na akakaa nazo mpaka mwisho zinatosha, na akiacha moja katikati sio msiba, ana miaka 14 huyo, lazima ajaribu vitu. (Vyuo vya University of California vina fomu yao na nafasi 20, ila msichukulie kama ndo lazima zijazwe.)

Halafu zile kambi za kiangazi za kulipia zinazofanyika ndani ya chuo kikubwa, nyingi kuingia kwake ni pesa yako tu, na kusoma pale wiki tatu hakumaanishi chuo kitakuchukua. Kama hela ipo na mtoto anataka, aende, atajifunza. Kama haipo msikope, akafanye kazi dukani kiangazi hicho, nayo inaandikwa kwenye zilezile nafasi 10.