Dona au sembe? Nyanda za Juu tunabishania ugali, mboga tumeisahau

Vyuma vikikaza, ushauri unaosikika kuanzia Mbeya hadi Njombe ni huu: acheni sembe, kuleni dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa. Ni ushauri wenye akili, ingawa wengi wanaoutoa hawasongi ugali wenyewe.

Hesabu yake haina ubishi. Peleka mashineni debe la mahindi, kilo 18 hivi. Ukitaka sembe utalipa mara mbili, kukoboa na kusaga, halafu urudi na unga pungufu. Kinachobaki ni pumba zenye nyuzinyuzi, vitamini B na kiini chenye mafuta. Tunatoa pesa tupunguziwe chakula, anashiba nguruwe.

Lakini anayeikwepa dona si lazima awe mtu wa kujidai. Mafuta ya kile kiini huufanya unga uchache mapema, kwa hiyo asiyeishi karibu na mashine akisaga debe zima huishia kula ugali mchungu. Halafu kuna sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na kukoboa huondoa sehemu ya sumu hiyo, japo si yote. Kwangu mimi, dona ni ya mahindi uliyoyaanika na kuyachambua mwenyewe. Dona ya kupimiwa sokoni, ambayo mahindi yake hukuyaona, siitetei sana.

Hata hivyo, tukimaliza ubishi huo tutakuwa bado hatujagusa penyewe. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka 5 wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Njombe na Rukwa hazikuwa mbali na Iringa. Hii ndiyo mikoa inayolisha wengine mahindi! Ugali upo, tena wa kutosha. Kinachopungua ni cha kulia huo ugali: maharage, usipa wa Ziwa Nyasa, mnafu, yai. Parachichi dogo ambalo wanunuzi wa kusafirisha nje wamelikataa linafaa kabisa kupondwa kwenye uji wa mtoto, na bei yake ni ya kutupa.

Kuna wanaosema tatizo ni elimu ya lishe. Kwa sehemu, ndiyo. Ila msimu wa kilimo mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto ameachiwa kiporo na dada yake wa miaka minane. Maharage nayo yanataka saa nyingi jikoni, na mkaa haushikiki. Kuyaloweka usiku kunasaidia kidogo. Tena katika nyumba nyingi gunia likiuzwa pesa hushikwa na baba, ilhali mboga ni mzigo wa mama na visenti vyake vya nyanya. Semina za lishe huitiwa akina mama. Mwenye pesa ya gunia haitwi.