Bibi Hahitaji DJ

Najua nitagombana na nusu ya vijana wa Mwanjelwa hapa Mbeya, lakini nimechoka na muvi za kutafsiriwa, zile ambazo DJ anasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu. Siwadharau ma-DJ. DJ Lufufu alifanya kazi kubwa, na wengi tuliokulia kwenye vibanda umiza, vile vya kuoneshea video mtaani, bila watu kama yeye tungeambulia ngumi tu. Ila sebuleni kwangu sauti ya DJ inafunika kila kitu. Mama wa watu analia kaburini kwa mwanawe, DJ anawasalimia washikaji zake wa Mbagala!

Baridi hii ya Juni hapa Uyole haimruhusu mtu kutoka, kwa hiyo jioni tunaangalia tamthilia ya Kikorea kama ilivyo, maandishi ya Kiingereza chini. Binti yangu wa darasa la sita anamsomea bibi yake kwa Kiswahili. Rimoti anashika yeye, maana maneno yanapita kabla hajamaliza.

"Bibi, anasema mume wake ni... ni wa baridi."

Kaka yake anacheka. "Baridi iko hapa Uyole. Huyo ana roho ngumu."

Wanabishana mpaka chai inapoa. (Zikija busu, msomaji anapata kikohozi, nami nakumbuka ghafla kuongeza mkaa jikoni.)

Wiki iliyopita, kwenye tamthilia hiyo, mke wa mtu alileta sinia, akakaa meza moja na baba mkwe wake, wakala pamoja. Mama yangu akaziba mdomo. "Huyo si mkwewe?" Binti akabonyeza rimoti, picha ikasimama karibu nusu saa. Mama ni Mnyakyusa wa Tukuyu, na zamani kwao mke wa mtoto hakukutana na baba mkwe. Akimwona njiani, anajificha. Akatusimulia siku aliyoangusha debe zima la maji akikimbilia migombani, kisa babu yangu anakuja. Nina miaka arobaini na mbili na sikuwahi kuisikia habari hiyo.

Na si kwamba hatukuwahi kuangalia mambo ya wakwe. Mwaka 2011 TBC walionesha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, imetiwa sauti za Kiswahili. Mama aliifuatilia, akaelewa kila kitu peke yake, hakumuuliza mtu chochote. Wakati ule nilifurahi. Debe la maji alikaa nalo mwenyewe.

Nyumba isiyo na mtu wa kusoma Kiingereza iendelee na DJ wake, sina ugomvi. Lakini kama mtoto wa kusoma yupo, mwacheni akwame.

Jana alikwama tena. Bibi yake akamgusa goti. "Subiri, mama. Huyu anataka kudanganya, mwangalie macho." Yule dada wa Kikorea alikuwa hata hajafungua mdomo.