Dende alale jikoni au kizimbani?

Ukiingia asubuhi kwenye jiko la udongo kule Kabare au Walungu, kabla hujamsalimia mama mwenye nyumba utasikia vifilimbi vidogo nyuma ya kuni. Ni dende. Wamesikia matembele yakichambuliwa na wanadai fungu lao. Kwingine wanaitwa simbilisi, wale wanyama wadogo wenye manyoya, wasio na mkia. Hapa Kivu ya Kusini, mashariki mwa Kongo, ni dende, na familia nyingi zinawafuga hivyo hivyo, huru sakafuni, karibu na mafiga. Maveterineri wanaopita vijijini na vijana wanaofuga kwenye parseli, yaani viwanja vya nyumba, za Bukavu wanasema hapana, dende awekwe kizimbani. Mama zetu wanakataa. Nimefuga kwa njia zote mbili, na wanaokataa wana sababu zao.

Usiku wa milimani kwetu ni wa baridi, na jiko lina joto. Zaidi ya hapo kuna wizi. Tangu vita vya 1996 ng'ombe na mbuzi wameporwa mara nyingi mno, na kilichobaki mikononi mwa watu ni kile kilichoweza kufichwa. Dende hafungwi kamba uani, wala mlio wake haufiki barabarani. Tena anaongezeka upesi: ng'ombe anabeba mimba miezi tisa, mbuzi mitano, dende siku kama 68 tu, kisha anazaa wawili hadi wanne, wenye manyoya na macho wazi, ambao baada ya siku chache wanatafuna majani. Kwa mjane asiye na shamba, hiyo ndiyo hela ya madaftari.

Lakini humo jikoni dume mmoja mwenye nguvu anawafukuza wenzake na kupanda wote: mama, dada, binti. Jike anaweza kupandwa tena saa chache tu baada ya kuzaa, hana pumziko. Vizazi vikipita hivyo, watoto wanazaliwa wadogo na kufa ovyo, na watu wanasema ni ugonjwa. Halafu kinyesi. Dende anaweza kubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, na kwenye sakafu ile ile mtoto anatambaa na sahani ya bugali inatuliwa. Kwa hilo nashindwa kabisa kulitetea jiko.

Kizimba kinaponya mengi. Unawahesabu, unamwona aliyenyong'onyea, unamtenga mwenye ukurutu, na mbolea unaizoa ikiwa kavu kwa ajili ya tuta la lengalenga. Ila kina hatari zake, na wanaokisifu hawazitaji. Ukitenga majike ukasahau, ukampandisha jike mara ya kwanza akiwa amepita miezi sita au saba, mifupa ya nyonga yake imekwisha kushikana; anaweza kufa akizaa. Jikoni hilo hutokea kwa nadra, maana dume yupo siku zote.

Hatari kubwa zaidi ni njaa isiyoonekana. Mwili wa dende, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Anaipata kwenye majani mabichi. Sakafuni anaokota hapa na pale. Kizimbani anakula ulichomletea wewe, basi. Kiangazi changu cha kwanza niliwapa maganda makavu ya mahindi na maganda ya mihogo kwa wiki kadhaa. Matumbo yalikuwa yamejaa, nikajiona mfugaji. Kisha jike mwenye mimba akaanza kuburuta miguu ya nyuma, akawa analia nikimwinua, fizi zina damu. Wawili waliharibu mimba. Kwa hofu nikampa mmoja amoksisilini iliyobaki nyumbani, dawa ya watu. Alikufa. Dawa za jamii ya penisilini, kama hiyo, zinaua vijidudu vya tumboni ambavyo dende anavitegemea kusaga chakula.

Kwa hiyo ninapoulizwa bei ya mbao za kizimba, nauliza kwanza majani. Dende mkubwa anaweza kula gramu 200 za majani mabichi kwa siku. Ishirini ni kilo nne, kila siku, na Julai pia, wakati kilima kimekauka na mwenye mbuzi anatafuta majani hayo hayo. Setaria na majani ya tembo, nyasi za kulishia mifugo, yanaota vizuri kwenye kingo za mitaro ya kuzuia mmomonyoko, hayanyang'anyi maharagi nafasi. Yapandwe mvua zikianza. Ukiyakata, yaache kivulini yanyauke kidogo, maana majani yenye maji yanavimbisha tumbo. Mjini wengine wanaokota majani ya kabichi sokoni, yaoshwe. Majani ya viazi ulaya na ya nyanya yana sumu, hayo acha.

Mwenye majani ya mwaka mzima na chumba kisicho jiko, ninamwambia ajenge kizimba, na akiweke ndani ya nyumba, si uani. Mama mwenye dende watatu na chumba kimoja sitamwambia anunue mbao. Matofali machache kwenye kona iliyo mbali na vyombo, majani makavu ya kulalia yanayobadilishwa mara kwa mara, na dume abadilishwe kwa jirani kabla mabinti zake hawajakua. Hilo la mwisho halina gharama. Dume niliye naye sasa ametoka kwa mama mmoja wa Walungu, na wangu yuko kwake, nyuma ya kuni.