Nakuru Mjini iliyomchagua mtu wa Uyoma

Mwaka 1963, miezi michache kabla ya bendera kubadilishwa, Nakuru Mjini ilimpeleka bungeni Achieng' Oneko, Mjaluo wa Uyoma, kule kando ya Ziwa Victoria. Nalirudia hili kila ninaposikia mtu akisema kwamba huku kwetu, tangu enzi na enzi, kila mtu humpigia kura wa kwao. Nimelisikia tena juzi kwa kinyozi pale Kivumbini. Kijana aliyekuwa akinyolewa alilitamka kama jambo lililokwisha kuamuliwa na wazee. Nikamuuliza kama anamjua Achieng' Oneko. Akanyamaza. Kinyozi naye akanyamaza, mashine ikiendelea kunguruma hewani.

Simlaumu kijana. Alipoanza kupiga kura, eneo bunge la Nakuru Mjini lilikuwa halipo tena. Yeye anajua Nakuru Mjini Mashariki na Nakuru Mjini Magharibi, basi. Lakini kuna miaka karibu hamsini nyuma yake ambayo inamkanusha, na mimi sitaki miaka hiyo ipotee.

Oneko alikuwa mmoja wa wale sita wa Kapenguria, walioshtakiwa na mkoloni kwa kuongoza Mau Mau: Kenyatta, Kaggia, Kubai, Karumba, Ngei na yeye. Alishinda rufaa yake, lakini serikali ya mkoloni haikumwachilia. Alikaa kizuizini hadi 1961. Miaka miwili baadaye akaomba kura Nakuru, mji wa reli, viwanda na makarani, uliozungukwa na mashamba ya wazungu. Wakikuyu walimpa. Waluhya walimpa. Wajaluo wa landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, walimpa. Najua utaniambia upepo wa KANU, chama cha Kenyatta chenye alama ya jogoo, ndio uliombeba, na kweli jogoo alikuwa anawika kila kona wakati huo. Lakini upepo huo ulivuma juu ya watu waliokubali kwamba aliyefungwa pamoja na Kenyatta ni wao, hata kama hawamwiti mama kwa lugha moja. Kenyatta akampa wizara ya Habari, Utangazaji na Utalii.

Halafu mji huohuo ukamwangusha. Hili nalo lazima lisemwe, maana ukisimulia mazuri peke yake unadanganya. Mwaka 1966 Oneko alijiuzulu uwaziri, akamfuata Jaramogi Oginga Odinga katika KPU, chama kipya cha upinzani. Bunge likapitisha haraka sheria kwamba anayehama chama arudi kwa wapiga kura, na mwezi wa Juni ukafanyika ule uchaguzi mdogo mkubwa. KPU ilibanwa kila upande, hata vibali vya mikutano vilikuwa taabu kupata. Oneko alishindwa Nakuru, Kaggia akashindwa Kandara. Mwaka 1969, baada ya damu kumwagika Kisumu, Oneko akarudishwa kizuizini na hakutoka hadi 1975. Bungeni alirejea 1992, safari hii kwa kiti cha Rarieda, nyumbani kwao. Nikifikiria hapo huwa nasikitika. Mtu aliyeanzia mji wa watu wote akamalizia kwao, na sisi ndio tuliomfungia mlango wa kwanza.

Kiti chenyewe kiliendelea kuwa na uhusiano wa ajabu na jela. Mark Mwithaga alikuwa mbunge wetu JM Kariuki, mbunge aliyeikosoa serikali, alipouawa Machi 1975, na ndiye aliyekuwa makamu mwenyekiti wa kamati ya bunge iliyochunguza mauaji yale chini ya Elijah Mwangale. Ripoti ilifika bungeni Juni. Mwaka haukwisha kabla Mwithaga hajafungwa, kwa kesi ya shambulio iliyotoka nyumbani kwake. Sipendi kuipamba kesi ile. Ila watu wengi wa Nakuru wa umri wa baba yangu walizihesabu tarehe na wakafikia uamuzi wao: aliadhibiwa kwa ripoti ile.

Sasa niseme nililoliona kwa macho yangu.

Mwanzoni mwa 1988 KANU ilifanya mchujo kwa mlolongo. Hakuna karatasi, hakuna sanduku. Unapanga foleni nyuma ya picha ya mgombea wako, mchana kweupe, chifu akikuangalia. Aliyepata asilimia 70 alipita moja kwa moja bila kungoja uchaguzi wenyewe. Ulikuwa mtindo mbaya, na nchini kote foleni fupi zilitangazwa kuwa ndefu. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Mama alinichukua kwa sababu hakuwa na wa kuniachia, tukaenda uwanja wa shule, vumbi lile jeupe la Nakuru likitupanda hadi magotini. Kadi yake ya KANU alikuwa ameifunga kwenye pindo la leso. Mbele yake alisimama mama Mkamba aliyekuwa akisuka vyondo na kuviuza stendi. Nyuma yake fundi viatu wa mtaani kwetu, Mbukusu. Nyuma ya fundi kulikuwa na wazee wawili wa Bondeni wenye kofia za kufuma, halafu mwalimu Mkisii, halafu akina mama wa Kikuyu watatu walioshikana mabega ili mtu asije akavutwa nje ya foleni. Mhesabuji alipita akigusa kila bega kwa daftari lililoviringishwa. Foleni ya pili, ya mpinzani, ilikuwa mchanganyiko uleule. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye lugha yake na ya mama ilikuwa moja, alikuwa kule, na alimpungia mama mkono.

Kura ya siri huficha jambo hili. Mlolongo, pamoja na ubaya wake wote, uliniwekea mji mzima uwanjani na nikauona unavyochagua. Ndiyo maana mtu akiniambia "tangu jadi", damu inanichemka. Nilikuwepo, nimesimama kando ya sketi ya mama.

Desemba 1992 uchaguzi wa vyama vingi uliporudi, mapigano ya kikabila ya Molo na Olenguruone yalikuwa yameshaleta wakimbizi hadi mjini. Ungetarajia watu wajifungie. Badala yake Nakuru Mjini ikamchagua Dkt. Lwali-Oyondi kwa tiketi ya FORD-Asili. Chama cha Kenneth Matiba, Mkikuyu, mgombea mwenye jina la magharibi mwa Kenya. Siri ilikuwa ushirika wa Matiba na Martin Shikuku, Mluhya: Mkikuyu wa Bondeni na Mluhya wa Shabab walikuta wana chama kimoja, na mgombea aliyejua kuzungumza na wote wawili. Alizungumza nao kwa Kiswahili, maana hapakuwa na lugha nyingine ya kukusanya umati Nakuru. Siku ile ya kura, wakili Mirugi Kariuki alikuwa bado gerezani. Alikamatwa 1990 pamoja na mwanasiasa Koigi wa Wamwere kwa kesi ya uhaini, ambayo adhabu yake ni kitanzi, na wakaachiliwa Januari 1993 mashtaka yalipoondolewa.

David Manyara wa chama cha DP alichukua kiti 1997. Mwaka 2002, muungano wa NARC ulipoiondoa KANU madarakani, Mirugi akawa mbunge wetu, mfungwa wa tatu kwa hesabu yangu. Alikuwa naibu waziri alipokufa katika ndege ya jeshi iliyoanguka Marsabit tarehe 10 Aprili 2006, wakienda kupatanisha jamii zilizokuwa zikiuana. Watu 14 walikufa siku hiyo. Mwanawe William alishinda uchaguzi mdogo wa Julai, kisha 2007 kiti kikaenda kwa Lee Kinyanjui wa PNU.

Na hapo ndipo pabaya. Mwishoni mwa Januari 2008 moto wa vurugu za baada ya uchaguzi uliingia mjini. Mikokoteni ilipishana barabarani, huu ukipeleka magodoro Kaptembwo, ule ukiyatoa Kaptembwo. Jirani yetu wa nyumba ya tatu, mama wa watoto wanne kutoka Siaya, alimkabidhi baba ufunguo wa kufuli usiku wa pili. "Mzee, nitarudi mambo yakitulia." Baba alimwambia, "Nenda salama, mama. Hapa hapaingii mtu."

Miaka minne baadaye mipaka ikachorwa upya. Kwa hesabu, kuligawa eneo bunge ilikuwa haki, na sibishani. Sensa ya 2009 iliipa manispaa ya Nakuru watu wapatao 308,000, wakati wastani wa eneo bunge moja kati ya yote 290 ulikuwa 133,138. Mbunge mmoja alikuwa akifanya kazi ya wawili. Mashariki ikapata wadi tano: Biashara, Kivumbini, Flamingo, Menengai na Nakuru Mashariki. Magharibi ikapata sita: Barut, London, Kaptembwo, Kapkures, Rhoda na Shaabab. Huduma zimekaribia watu kidogo, na basari huenda zinafika zaidi.

Nilichokipoteza mimi ni ule ulazima. Zamani, aliyekitaka kiti alilazimika kuanza asubuhi Ronda, mchana awe Bondeni, jioni Milimani, na maneno yawe yaleyale, kwa sababu habari zilimtangulia. Leo mgombea anaweza kumaliza kampeni nzima bila kuvuka upande wa pili, na nimehudhuria mikutano ambapo mzungumzaji aliacha Kiswahili katikati ya sentensi ili aseme "na sisi" kwa lugha ambayo nusu ya waliokuwepo hawakuielewa. Niliwaona waliokuwa nyuma wakianza kuondoka mmojammoja.

Hata hivyo mji haujabadilika kama tunavyoambiwa. Magharibi imemchagua Samuel Arama mara tatu, 2013, 2017 na 2022, na jina lake ni la Gusii. Mashariki imemrudisha David Gikaria mara tatu hizohizo. Unaweza kuwapenda au kuwakataa kwa kazi yao, hiyo ni haki yako. Lakini usiniambie wapiga kura wa Nakuru hawajui kumchagua asiye wa kwao. Wamelijua hilo tangu 1963, na wanaolisahau kwanza ni wanasiasa, wanapoona kura zimepungua.

Nilimweleza kijana yule haya yote, kwa ufupi, hadi kinyozi akamaliza na kumpangusa shingo. Akaniuliza yule mama wa Siaya alirudi? Alirudi mwezi wa Mei. Baba alikwenda kabatini, akatoa mkebe wa majani ya chai, akamimina misumari na betri kuukuu mezani hadi ufunguo ukaonekana.